Ndoa Iliyofika Asilimia Sitini

Kuach alikuwa na ugonjwa wa kupima vitu, na ungemwambia kuwa ni ugonjwa angekuuliza umefika asilimia ngapi. Simzulii. Alisomea kompyuta Nairobi, akarudi Juba amani ilipotiwa saini, akapata kazi katika ofisi moja ya misaada yenye viyoyozi na jenereta isiyolala. Humo ofisini akatunga programu yake mwenyewe ya kuorodhesha kazi. Programu za namna hiyo zilikuwapo tangu zamani, lakini zilijua mambo mawili tu: kazi imefanyika, au haijafanyika. Kuach aliona huo ni upumbavu. Mtu aliyejenga nyumba mpaka madirishani atakuwaje sawa na yule ambaye hajachimba hata msingi? Basi katika programu yake kila kazi ilipewa ufito mweupe, na ufito ukawa unajaa kijani kidogo kidogo kadiri kazi ilivyosonga, kutoka sifuri hadi mia. Akaiita Kibaba, kwa ile methali ya haba na haba. Wakubwa wake waliipenda mno. Kila Jumatatu kazi za ofisi nzima zilirushwa ukutani, na watu wakanyoosha shingo kuona nani amesonga na nani amelala.

Mpaka hapo sina neno naye. Ofisi ni ofisi. Lakini Kuach hakuishia hapo. Akaingiza na mambo yake ya nyumbani. Kiwanja cha Gudele kikaingia. Gari alilotaka kununua likaingia. Na chini ya gari kukawa na kazi iliyoandikwa "Nyakuon".

Nyakuon ndiye aliyekuwa mkewe, au tuseme karibu mkewe, na hili linataka maelezo. Kwa Wanuer wa desturi, ndoa haimalizwi kwa siku moja. Inakwenda kwa vituo: posa, ng'ombe, ngoma ya arusi, kisha bibi arusi anabaki kwao, mume akimtembelea, mpaka azae mtoto wa kwanza. Mtoto akipatikana ndipo mume anamhamishia kwake, na ndipo watu wanamwita mke wa fulani bila kukohoa. Kabla ya hapo yote yanarudishika. Ng'ombe wanarudi kwao, binti anabaki kwao, kila mtu anajikung'uta vumbi. Wengi waliokulia Kenya walikuwa wameachana na mambo hayo; walikwenda kanisani asubuhi, na jioni wakalala nyumba moja. Nyakuon naye alikulia Nairobi hadi akasahau nusu ya Kinuer chake. Ila baba yake alikufa mapema, akalelewa na baba yake mdogo, mzee Wiyual, na mzee Wiyual hakuwa mtu wa njia za mkato. Kanisani, alisema, mtakwenda mkiwa na mtoto wa kubatiza.

Kwa hiyo Nyakuon alikaa Gumbo, ng'ambo ya daraja, katika boma la baba mdogo. Mchana alishona sare za shule kwenye kibanda cha Josline, fundi cherehani Mganda, kando ya barabara ya Nimule. Kila Jumamosi Kuach alikuja na pikipiki ya ofisi. Na msimwone Nyakuon mjinga, alimpenda. Kuach ndiye mtu pekee Juba nzima aliyecheka mizaha yake ya Eastleigh, na alipocheka alifumba macho kabisa. Nyumba ilikuwa ikipanda kule Gudele, na Nyakuon alikuwa ameshachagua dirisha atakaloweka cherehani yake.

Jumapili moja baada ya ibada, Kuach aliifungua laptopu yake uani kwa mzee Wiyual, wazee wamekaa, akawaonyesha Kibaba.

"Posa, kumi," alisema akisogeza kidole. "Ng'ombe walipofika, arobaini. Arusi, sitini. Tuko hapa. Akishika mimba naweka sabini, halafu napandisha kila mwezi. Akijifungua, mia."

Ungedhani wazee wangemtimua na mashine yake. Wapi. Mzee Wiyual alivuta kiti, akavaa miwani, akautazama ule ufito ulioishia njiani kwa muda mrefu. "Huyu kijana amesoma kweli," alisema. "Ndivyo ilivyo." Wenzake wakaguna kwa kuridhika, kwani ndiyo kwanza wameona mashine inayoelewa mambo yao. Nyakuon alikuwa nyuma yao na sinia la chai. Aliliona jina lake limelazwa chini ya gari, akashikwa na aibu, na hakujua ni aibu ya kwake au ya Kuach. Akagawa chai.

Mimba ya kwanza ilipoingia alimwambia Kuach siku hiyo hiyo. Kuach alimnyanyua juu, akamzungusha, kisha akatoa laptopu. Sabini. Mwezi uliofuata, sabini na tatu. Mwezi wa nne Nyakuon alianguka kibandani, na Josline akamfunga kanga mbili na kumkimbiza zahanati kwa boda boda, yeye mwenyewe akikimbia nyuma kwa miguu. Mtoto hakukaa.

Kuach alifika na machungwa na macho mekundu. Alikuwa amelia, hilo lazima nimkubalie. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. Kisha akatoa simu mfukoni, maana Kibaba sasa kilikuwa kinafunguka hadi kwenye simu.

"Nilikuwa nafikiri," alisema taratibu. "Tuirudishe sitini, au tuiache sitini na tano? Kwa sababu angalau tumeshajua inawezekana."

Nyakuon alimtazama akitafuta mzaha usoni mwake, hakuuona. Mtu yule alikuwa anauliza swali.

"Irudishe," alisema.

Kuach akairudisha, akampapasa bega kama anavyopapaswa mfanyakazi aliyekiri kosa bila kusumbua.

Mimba ya pili ilikuta Kibaba kimeboreshwa. Kila ufito uliposogea, ujumbe ulijituma wenyewe kwa wote waliojiunga, nao walikuwa wengi: wafanyakazi wa ofisi, binamu, vijana wa kwaya, hata mzee Wiyual aliyenunuliwa simu kwa kazi hiyo tu. Nyakuon alikuwa akitembea sokoni Konyo Konyo pale mwanamume asiyemjua alipomkamata mkono, akautikisa na kusema, "Sabini na nane, mama. Mungu akutie nguvu." Alitamani ardhi ipasuke. Jioni alimwomba Kuach aliondoe jina lake mle. Kuach alishangaa kwa dhati.

"Niliondoe vipi, na watu wanakuombea?"

Sijui waliomba nini. Mimba ile nayo ilitoka, nyumbani safari hii, asubuhi, juu ya mkeka. Alimpigia Kuach simu kwa sauti isiyosikika vizuri. Kabla hajamaliza kufua kanga, ujumbe ulikuwa umeshafika kwa watu wote: Nyakuon, 60. Simu ya mzee Wiyual ililia upande wa pili wa ua. Nyakuon alimsikia akiisoma herufi kwa herufi, kisha akasonya.

Baada ya hapo ufito uligeuka mwekundu. Ndivyo programu ilivyoundwa: kazi ikirudi nyuma mara mbili inawekwa nyekundu, na ikikaa nyekundu nusu mwaka, mwenye kazi sharti aamue, aendelee nayo au aifute. Kuach alianza kuja Jumamosi kwa kuchelewa na kuondoka mapema. Alilala Gumbo mara moja tu, siku ya mvua kubwa, daraja lilipojaa maji na magari yakakwama. Baada ya siku ile alikunywa chai yake, akaangalia saa, akaondoka.

Lakini siku ya mvua ilitosha.

Josline ndiye aliyegundua. Alikuwa akimpima Nyakuon gauni la Krismasi, akapitisha futi kiunoni, akaisoma, akaipitisha tena.

"Dada," alisema na pini mdomoni, "hii kiuno si ile ya zamani. Wewe iko na mimba."

"Usimwambie mtu."

"Hata bwana yako?"

"Hasa yeye."

Josline alitoa pini mdomoni, akazichoma kwenye mto wake moja moja. Yeye mwenyewe aliacha watoto wanne Gulu kwa mama yake, na hakuwa mtu wa kushangazwa na mambo ya nyumba za watu. "Basi tukate hii kitambaa pana," alisema. "Kifua kwanza, halafu inamwagika."

Shauri la Nyakuon lilikuwa dogo. Hakutaka kumkomesha mtu. Alitaka tu mtoto huyu akue bila kuandikwa popote, mpaka miezi saba ipite salama. Baada ya hapo angemwambia Kuach, wakacheka, wakahamia Gudele. Wanawake wa boma wangeona, lakini boma halikuwa na mwanamke mwingine; mke wa mzee Wiyual alikuwa amefariki. Juu ya magauni mapana ya Josline alifunga lawa, lile shuka wanalofunga wanawake wa Juba begani, na tumbo likapata mahali pa kukaa. Watu waliomwona wakitikisa vichwa, maskini, mti usio na tunda, hawakuangalia chini ya bega. Waswahili wanasema mficha uchi hazai. Haya, huyu aliuficha, na mtoto akazidi kucheza. Usiku na mchana Nyakuon alikuwa na furaha, na furaha ile ilikuwa yake peke yake. Hakuna aliyeipandisha wala kuishusha.

Mwezi wa tano wa mimba Kuach alikuja, akakaa kitini, akazungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Ile kazi," alisema, "muda wake wa nyekundu umekwisha. Jumamosi ijayo nitakuja na baba mkubwa Gatwech."

Nyakuon alijua baba mkubwa haji kwa chai. "Unakuja kuniacha."

"Si mimi, Nyakuon. Ni utaratibu."

"Utaratibu umeuandika nani?"

"Nimeuandika mimi, sawa, lakini nimeuandika kwa kazi zote. Hata gari nimelifuta." Alisema hivyo kama mtu anayemfariji mwenzake.

Neno lilikuwa limemfika Nyakuon kooni. Angelisema, na yote yangekwisha pale pale: Kuach angefumba macho acheke, nyumba ingekuwa yake, na lile dirisha. Kitu kimoja tu alitaka kukijua kwanza, akakiuliza kwa sauti ya kawaida huku akikusanya vikombe.

"Tuseme leo nina mimba. Ungefanya nini?"

Kuach alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, ndicho kinachoniudhi mimi hata leo.

"Nisingeweka sabini tena," alisema. "Kwa historia yako, labda sitini na mbili. Na nisingewatumia wote, ningewatumia wazee tu."

Nyakuon alibeba vikombe akaenda kuviosha. Aliosha hata vile vilivyokuwa safi. Alipotoka, pikipiki ilikuwa imeshaondoka, naye akagundua kwamba hana hamu ya kuikimbilia.

Jumamosi wakaja. Gatwech alikuwa mzee mnene, mpole, aliyevaa koti la suti juu ya kanzu. Viti vilipangwa. Kuach alizungumza vizuri, kwa heshima, akasema hana ubaya na mtu. "Hata namshukuru Nyakuon kwa juhudi zake," alisema, na mzee Wiyual akatikisa kichwa kukubali kwamba juhudi zilikuwapo. Halafu likaja swali. Katika ukoo ule, ng'ombe hawatoki kabla binti hajaulizwa mara tatu mbele ya pande zote mbili.

"Nyakuon," mzee Wiyual aliita, "kuna kitu cha watu hawa ndani ya nyumba yangu?"

Kila mtu alijua maana yake. Kama kipo, ng'ombe wanabaki na ndoa inabaki. Kama hakipo, kalas, yamekwisha. Nyakuon alikuwa amekaa kwenye mkeka, lawa limeshuka hadi magotini, na ndani ya lawa mtoto aligeuka akamkanyaga ubavu. Aliogopa. Aliogopa kwamba wataona, akaogopa zaidi kwamba hawataona. Alikuwa hajawahi kumdanganya baba yake mdogo, hata kuhusu sukari.

"Hakuna," alisema.

Akaulizwa tena. "Hakuna."

Mara ya tatu alimtazama Kuach usoni. Kama Kuach angemtazama, sijui. Moyo wa mtu haukai mahali pamoja. Lakini Kuach alikuwa ameinamia simu yake, kidole tayari.

"Hakuna," alisema Nyakuon.

Kuach alibonyeza. Programu ikamuuliza kama ana hakika, maana ndivyo alivyoiunda, asije mtu akafuta kazi kwa bahati mbaya. Akawaonyesha wazee lile swali kwenye kioo, kwa uwazi, ili kesho asije akasema mtu hakuona. Kisha akabonyeza ndiyo. Simu ya mzee Wiyual ikalia mfukoni. Gatwech akashika mkono wa Wiyual, na huko Bentiu, ng'ombe walikofugwa, ndugu zao wakapigiwa simu ng'ombe watolewe zizini.

Tumbo lilipokataa kufichika, mwezi wa saba, mzee Wiyual alimpiga kofi ambalo lilimwacha Nyakuon akisikia filimbi sikioni hadi siku ya pili. "Umewarudishia watu ng'ombe wao nikiwa hai," alisema. "Nina macho, nina masikio, na umenifanya niwatoe kwa mkono wangu." Hakusema naye tena mpaka alipojifungua. Josline ndiye aliyempeleka hospitali, akangoja mlangoni, akarudi naye kwenye bodi ya pikapu ya mchuuzi wa mkaa, mtoto amefungwa vipande vya kitambaa cha sare, buluu na nyeupe. Msichana. Mzima, mwenye kelele.

Habari ilivuka daraja haraka kuliko ujumbe wowote wa Kibaba. Kuach alifika akiwa hajachana nywele. Mzee Wiyual alimzuia mlangoni mwa ua, hakumkaribisha kiti.

"Mzee, huyo ni wangu," alisema Kuach. "Ng'ombe nitawarudisha. Wote, na zaidi."

"Ng'ombe wa nini? Kuna kazi gani hapa?" Mzee Wiyual alikuwa mtulivu kabisa. "Uliifuta mwenyewe. Ulituonyesha na swali, tukalisoma."

"Inarudishika. Historia yake ipo, sikuifuta historia." Akatoa simu, akaanza kutafuta. Nyakuon alikuwa amesimama kizingitini na mtoto begani. Kuach aliinua macho akamwona, akaacha kutafuta.

"Siku ile," alimuuliza kwa Kiswahili chao cha Nairobi, "ulikuwa na miezi mingapi?"

"Mitano."

Machozi yakaanza kumtoka Kuach bila yeye kuyafuta. "Si ungeniambia."

"Ungeandika," alisema Nyakuon.

Akaingia ndani. Alitegemea kusikia furaha, kwa sababu alikuwa ameingoja saa hii, ameipangia maneno usiku mwingi. Alichokisikia ni pikipiki ikigoma kuwaka, mara moja, mara mbili, na mtu anaikokota kwenda barabarani. Alikaa kitandani akamnyonyesha mtoto huku akilia. Alilia kwa ajili ya yule Kuach aliyefumba macho akicheka, ambaye huenda hakuwahi kumaliza kuwa mtu.

Jioni mzee Wiyual alikuja mlangoni mwake. Alikuwa amevaa miwani, na usoni ile hasira ya miezi yote ilikuwa imekwisha. Akaomba mtoto. Nyakuon alimpa kwa shukrani, maana alidhani amesamehewa. Mzee alimpakata vizuri, kama mtu aliyezoea, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamtazama miguu na vidole.

"Nimekuwa nikifikiri," alisema. "Ng'ombe walikwenda, mimi nikakasirika bure. Kumbe mtoto asiye na ng'ombe wa baba ni wa ukoo huu. Nyawech, tumwite hivyo, binti wa nyumbani. Na siku akiolewa, ng'ombe wake watakuja uani kwangu, si kwa Kuach." Alicheka kidogo, akamrusharusha mtoto magotini. "Ile mashine ya yule kijana haikuwa mbaya, unajua. Huyu sasa tumwekeje? Amezaliwa salama, tumpe kumi. Akitoa meno, kumi na tano. Miguu yake mirefu, hii itapandisha."

"Baba," alisema Nyakuon, "anataka kunyonya."

"Amenyonya sasa hivi."

"Anataka tena."

Alimchukua mtoto mikononi mwake, akamfunga kifuani kwa lawa, akalivuta shuka mpaka likafunika kichwa chote. Mzee Wiyual alikuwa bado anahesabu kwa vidole, anafika mkono wa pili. Mimba Nyakuon aliweza kuificha humo. Msichana mzima anafichwa wapi, alikuwa hajui, akakaa kwenye mkeka akaanza kufikiri.